Tanga la Uongo

Osmundi Tawete aliketishwa kitini huku machozi yakimchuruzika mpaka kwenye ndevu na kwikwi zikimtikisa mabega. Semeni Mgovano hakumpa pole. Alimvika Kifutio, kofia ya nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, akabonyeza kitufe chake cha ubavuni, na kofia ikaanza kuvuma kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Mikono miwili ya mashine ikashuka kutoka darini, mmoja ukampangusa machozi, mwingine ukampaka poda. Mikunjo ya uso wake ikanyooka mmoja mmoja, kama shuka inayopigwa pasi. Kwikwi zikakatika. Mdomo uliokuwa umepinda kwa uchungu ukarudi mahali pake, ukapiga mwayo.

Osmundi akafumbua macho.

"Tumeanza?"

"Bado," alijibu Semeni. "Ndio kwanza."

Alikuwa amesema uongo huo tangu asubuhi, na sasa huko nje jua lilikuwa limeshafika utosini.

Osmundi aliipapasa ile kofia kichwani, akamkazia macho fundi wake. "Mhehe wee, kitu hiki umekishona kwa ngozi ya nini? Mbona kila nikikivaa nasikia hamu ya kubweka?" Akabweka kidogo, kwa adabu, kama mbwa wa mtu tajiri.

"Ngozi ya panya," alisema Semeni. "Ndiyo maana ikimwona Mngoni inatetemeka."

Osmundi alicheka mpaka kiti kikalia. Wenzake waliokuwa jirani nao walicheka, maana ilikuwa sehemu ya kazi. Walikuwa wameusikia utani huo wa Mhehe mla mbwa na Mngoni mla panya asubuhi hiyo mara nyingi kuliko wanavyosikia majina ya watoto wao.

Hivyo ndivyo picha zilivyokuwa zinapigwa Iringa siku hizo, katika studio iliyochimbwa ndani ya mlima, ambako jua lilikuwa la taa na mvua ilikuwa ya bomba. Kamera hazikuwa na miguu wala wapigapicha. Zilikuwa nyuki-kamera, vidubwasha vya ukubwa wa punje ya muhindi, vilivyoruka kwa kundi na kumzunguka mwigizaji bila yeye kuvihisi. Lakini nyuki-kamera zilikuwa kila mahali, hata Songea na Sumbawanga. Kilichowaleta watu Iringa ni Kifutio, na Kifutio kilikuwa cha Semeni.

Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kuitenda. Fundi alitia alama katika kumbukumbu ya mwigizaji kabla ya tukio kuanza. Tukio likishapigwa, kofia ilifuta yote yaliyoingia kichwani tangu ile alama, na mwigizaji akaamka pale pale alipokuwa, hajui kilichompata. Kama baba anatakiwa ashtuke kwa habari mbaya, atashtuka kweli kila tukio linaporudiwa, teki ya kwanza na ya mwisho sawasawa. Osmundi alikuwa ametia saini akijua. Alijua kwamba "ndio kwanza" huenda ni uongo, akakubali kudanganywa. Si ndiyo sinema yenyewe?

"Mwigizaji akishajua kwamba mtoto atakufa, anaanza kumlilia kabla hajafa," dairekta Paskalia Ruhinda alipenda kusema. "Shingo inalegea mapema. Mimi nataka shingo ya mtu asiyejua."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kengele ya shule. Ujana wake aliumalizia akipiga picha za harusi za watu waliogombana kabla hajawakabidhi albamu, na huko ndiko alikojifunza kutomwamini mtu yeyote anayelia kwa mpangilio.

"Twende kazini," Osmundi alisema, akanyanyuka kitini. Kisha akasimama, akabana mapaja. "Jamani. Mbona kibofu kimejaa, na chai sijainusa?"

Kikombe chake kilikuwa pale mezani kikifuka mvuke, kimejaa hadi ukingoni. Kila Osmundi alipofutwa, kikombe kilijazwa upya ili asubuhi yake ifanane na asubuhi. Yeye naye kila alipoamka alikigida kikombe chote. Kichwa kilisahau chai. Kibofu, kwa bahati mbaya, hakikuwa na mkataba na studio.

"Uzee huo, baba," Semeni alimwambia. "Choo kile pale."

Watu walicheka tena, na safari hii hawakuigiza.

Tukio lenyewe lilikuwa dogo. Osmundi alikuwa Mzee Likongo, mlinzi mstaafu, ambaye binti yake Aneti alikuwa anarudi kutoka kwenye machimbo ya mwezini. Mzee anakaa kwenye mkeka, anachambua maharage ya kumpikia, anaimbaimba. Mlango unagongwa. Osmundi hakupewa ukurasa uliofuata. Aliambiwa tu: fungua, halafu uwe mtu.

Akifungua mlango, alikuwa anakutana na mjumbe wa bati, roboti mwenye uso laini kama kijiko, anayesema kwa upole: "Mzee Likongo, chombo alichopanda Aneti hakikufika. Hatujapata mtu hata mmoja." Mjumbe alisema vile vile kila mara, bila kukohoa, bila kusahau nukta. Roboti hachoki kumuua binti wa mtu.

Na kila mara Osmundi alianguka upya. Mara aliyakumbatia maharage. Mara alimshika mjumbe mkono wa bati, akambembeleza aseme vingine. Mara alirudi mkekani akaendelea kuchambua, taratibu, akitupa mazuri na kuweka mabovu. Hiyo ilimfanya Semeni aangalie pembeni.

"Nzuri," Paskalia alisema. "Nyingine."

Zamani isingekuwa hivyo. Semeni alianza kazi ya sinema akiwa msichana wa kuvuta nyaya, kabla ya nyuki-kamera, na aliikuta mila moja ambayo watu wa seti waliiheshimu kuliko mishahara. Tukio la kifo au la msiba likishapigwa, hakuna aliyeondoka kwenda nyumbani. Walikuwa wanaanua tanga la uongo. Mwigizaji aliyelia aliketishwa kwenye mkeka ule ule wa seti, chakula cha seti kikaliwa kweli, na akatafutwa mtani wake, mtu wa kabila linalotaniana na lake. Mtani aliingia kwa fujo, akakalia kiti chake, akala chakula chake, akamsuta kwa kulilia mtu wa karatasi. Kisha akamwita kwa jina lake alilopewa na mama yake, na sharti aitike kwa sauti. Hapo ndipo tukio lilihesabiwa limekwisha, taa zikazimwa.

Wazee wa seti walisema asiyeanuliwa huondoka na maiti ya mtu mwingine. Kilipokuja Kifutio, mila ikafa bila hata kuugua. Mtu asiyekumbuka msiba utampa pole ya nini? Semeni mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, kwenye mkutano, na watu wakampigia makofi.

Baada ya chakula cha mchana, utani ulianza kuharibika.

Mara ya kwanza Semeni hakutilia maanani. Osmundi aliamka, akapapasa kofia, akauliza ni ngozi ya nini, akasema ya hamu ya kubweka, ila hakubweka. Teki iliyofuata aliuliza ngozi ya nini, na kabla Semeni hajamjibu panya, alikuwa ameshageukia ukuta. Semeni akatazama kioo cha kofia. Kilisema kumbukumbu ni safi, sawa na ya asubuhi, hakuna hata punje iliyobaki. Kwa kichwa cha Osmundi, saa ilikuwa ile ile, chai ile ile, mtani yule yule. Basi kwa nini mzaha mmoja, kutoka kichwa kimoja, unatoka umekonda hivi?

"Fundi," Osmundi alisema, safari nyingine, akiwa bado kitini. Aliongea kwa sauti ya chini. "Nikwambie kitu, usimwambie mtu?"

"Sema."

"Nafikiri naumwa. Nimeamka sasa hivi, sijafanya kazi yoyote, lakini kifua kimechoka kama nimelima. Jana nimerudi nyumbani vile vile. Juzi vile vile. Daktari amenipima mpaka kucha, ananiambia mzima. Na kuna..." Akasita, akacheka bila furaha. "Utaniona chizi. Naona kama kuna mtu nimemsahau. Mtu mkubwa. Nimempigia binti yangu Songea asubuhi, yuko salama, anakaanga samaki. Nikampigia tena. Akaniuliza, baba, una nini? Nikakata simu."

Semeni alikitazama tena kioo cha kofia. Bado kilisema safi.

"Nikimaliza picha hii naacha," Osmundi aliendelea. "Leo hii hii namwambia dairekta. Mtu asiyejua anacholia hafai kuchekesha wenzake. Nitakwenda kufuga nyuki wa kweli. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Akaenda, akafungua mlango, akaambiwa binti yake hakufika. Akarudi akilia, akafutwa, akaamka.

"Tumeanza?"

"Ndio kwanza."

Semeni alisubiri swali la ngozi. Halikuja. Osmundi alikitazama kikombe cha chai kama mtu anayetazama kazi aliyopewa kama adhabu.

"Fundi, nikwambie kitu? Usimwambie mtu. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Semeni alisikiliza yote tena, kwa maneno machache zaidi. Safari hii binti alikuwa anakaanga samaki tu. Yale ya *baba, una nini* hayakutajwa.

Alimfuata Paskalia penye kioo kikubwa, alikokuwa anazipanga teki kama mchuuzi anavyopanga nyanya.

"Dada Paskalia, tusimame."

"Tusimame wapi? Ndiyo kwanza inanoga. Tazama shingo hii."

"Osmundi amechoka."

"Kioo chako kinasema hajachoka. Wewe mwenyewe ulinifundisha kukisoma: kijani ni mpya."

"Kioo kinasoma kichwa. Hakisomi kibofu." Paskalia akamgeukia, akadhani ni mzaha, lakini Semeni hakuwa anacheka. "Tumecheka siku nzima kwamba kichwa kimesahau chai na kibofu kimeikumbuka. Sasa jiulize, hayo machozi mengine yanakwenda wapi? Mimi nafuta habari ya msiba, dada. Msiba wenyewe siufuti. Unabaki mwilini, hauna jina, kila teki tunamwongezea mwingine juu yake. Anazika tangu juzi na hajui anamzika nani."

Paskalia alirudisha macho kwenye kioo. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya tukio hili."

"Najua."

"Basi moja zaidi. Ikiwa nzuri, tunafunga."

"Kila nzuri unasema nyingine."

"Kwa sababu inawezekana nyingine!" Sauti ya kengele ililia kweli. "Wewe ndiye uliyenipa kitu hiki, Semeni. Umempa mtu sufuria isiyoisha halafu unamuuliza kwa nini anapakua."

Semeni alirudi kwenye kiti chake, akasimama nyuma ya kofia aliyoihangaikia miaka ya ujana wake wote, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi ilivyokuwa nyepesi.

Teki iliyofuata, Osmundi hakuanguka. Alimsikiliza mjumbe wa bati mpaka mwisho, akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua tangu zamani. "Karibu ndani," alimwambia. "Umetoka mbali." Akamwekea roboti mkeka. Akakaa karibu naye, akamsogezea ungo wa maharage, na wawili hao wakaanza kuchambua, bati na nyama, huku machozi yakidondokea ungoni bila sauti yoyote.

Hata nyuki-kamera zilionekana kama zimeshusha mbawa.

"Nzuri sana," Paskalia alinong'ona. Kisha, baada ya pumzi moja, kwa mazoea tu: "Nyingine. Fundi, mfute."

Sheria ilikuwa wazi. Kofia isipovikwa kabla mwigizaji hajazungumza na mtu, msiba unaganda kichwani na haufutiki tena. Tukio haliwezi kurudiwa likiwa jipya. Fundi aliyeachia hilo litokee aliondoka siku hiyo hiyo na mlango wa studio hakuuona tena.

Semeni alichukua Kifutio. Akatembea nacho mpaka ndani ya seti, akapita mbele ya nyuki-kamera, akakitupia juu ya kiti cha Mzee Likongo kilichokuwa kando ya mkeka, kisha akakikalia. Nyuzi zikalia chini yake kama bisi.

"Ehe!" alisema kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Nimesikia kuna msiba wa Mngoni, nimekuja mbio. Panya wa matanga wako wapi? Au mmemaliza wenyewe?"

Osmundi aliinua uso uliolowa. Hakuelewa.

"Semeni!" Paskalia alipiga kelele.

"Niacheni, mimi ni mtani." Aliutia mkono kwenye ungo, akajaza maharage mabichi mdomoni, akayatafuna kwa taabu. "Na maharage yenyewe hayajaiva! Umelia mpaka ukasahau kuwasha jiko? Unamlilia nani, bwana? Aneti? Aneti ni karatasi! Nimemwona pale mezani kwa dairekta, amewekewa kikombe cha kahawa juu yake!"

Mtu mmoja akacheka nyuma ya taa, akajiziba mdomo.

"Osmundi Tawete!" Semeni aliita.

Osmundi alimkodolea macho tu.

"Osmundi Tawete, mwana wa mama Wendelina wa Peramiho, nakuita mimi Mhehe, uniitike au nakula ungo wote!"

Sauti ya Osmundi ikatoka, kubwa, imepasuka katikati. "Naam!"

Naye akalia. Safari hii hakulia kama Mzee Likongo. Alilia vibaya, kwa makamasi, mdomo wazi, na kila alipofikiri machozi yamekwisha yalikuja mengine kutoka chini zaidi. Semeni alishuka kitini, akakaa mkekani, akamshika bega, akaacha yatoke. Alijua yalikuwa ya siku ngapi.

Bwana wa taa alikuja akakaa. Mshona mavazi akaja na maandazi yaliyokuwa ya mapambo. Wakaja wengine, wakaketi walivyokuta nafasi, wakanywa chai kwa kupokezana kile kikombe. Mjumbe wa bati, ambaye hakuna aliyemwagiza afanye lolote, aliendelea kuchambua.

Paskalia alisimama peke yake ukingoni mwa mwanga, uso umemkaza. Kisha akavua viatu, akaja.

"Nimemwona akilia siku zote hizi," alisema, hakumlenga mtu yeyote. "Teki ya kwanza nililia na mimi. Ya pili kidogo. Baada ya hapo nikawa naangalia shingo." Alichukua andazi, hakulila. "Yeye tumemfuta akabaki na msiba mwilini. Mimi hakuna aliyenifuta, na sikubaki nao popote. Sijui nani kaibiwa zaidi."

"Sogea, dada, umekalia maharage," Semeni alimwambia, na Paskalia akasogea.

Muda ulipopita, Osmundi alipangusa uso kwa shati la Mzee Likongo. Akavuta pumzi ndefu, akashika kifua chake kama mtu anayepapasa mfuko uliokuwa na jiwe.

"Kumbe ndiye huyu," alisema polepole. "Mtu niliyemsahau."

"Ndiye."

"Mmeniulia mtoto mara ngapi, ninyi mashetani?"

Walitazamana. Hakuna aliyetaka kuitaja idadi. "Nyingi," alisema Semeni. "Na zote umelia vizuri."

"Na malipo ni ya kifo kimoja!" Osmundi alitikisa kichwa, na cheko dogo likapita chini ya ndevu. "Basi nimekwambia nini huko katikati? Nimesema la aibu?"

"Umesema unakwenda kufuga nyuki."

Osmundi alifikiri. "Nyuki wanauma," alisema. "Hebu nipe wiki moja nyumbani kwanza. Nikamwone binti yangu anavyokaanga samaki. Halafu nitakwambia."

Paskalia alimtazama Semeni, kisha akatazama kile Kifutio kilichopondeka juu ya kiti. Kila mtu alisubiri aseme neno la kufukuza.

"Kinatengenezeka?" aliuliza.

"Kinatengenezeka."

"Basi kitengeneze. Lakini kuanzia sasa, siku ikiisha, teki ya mwisho haifutwi. Mtu anaondoka na msiba wake na chai yake. Na teki ya mwisho," alimeza mate kama anayemeza dawa, "utaitaja wewe, si mimi. Mimi sijiamini."

Semeni aliitika kwa kichwa. Alijua kwamba jibu hilo halikumaliza swali. Teki zilizotangulia zingeendelea kufutwa, na miili ingeendelea kuzibeba mpaka jioni ya kila siku. Labda ingebidi watu wajifunze tena kusema *imetosha*, neno ambalo mashine yake ililifanya lionekane la wavivu. Lakini hilo lilikuwa la kesho.

Osmundi alinyoosha mkono, akaichukua ile kofia iliyopondeka, akaigeuza juu chini mbele ya taa. Macho yake, mekundu na yaliyovimba, yakaanza kung'aa kwa ujanja ambao seti nzima iliufahamu. Watu wakajiandaa kucheka.

"Mhehe wee," alianza. "Kitu hiki umekishona kwa ngozi ya nini? Mbona..."

"Hiyo nimeshaisikia," alisema Semeni.

Osmundi aliduwaa, mdomo wazi. Kisha akacheka mpaka akalala chali juu ya mkeka, maharage yakatawanyika kila upande, akabaki pale akitazama dari ya mlima, anatafuta mzaha mwingine.